Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makaburi na kumbukumbu za vita: wapagazi wetu walikufa na nini?

Kwa:
Waheshimiwa wenye dhamana ya makaburi, nyaraka na kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza,
hapa Tanzania, Uingereza na Ujerumani.

YAH: MAJINA NA VYANZO VYA VIFO VYA WAPAGAZI WA VITA VYA 1914–1918

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizipitisha kwenye njia yake, na mhuri wa serikali ya mtaa juu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe kwa mkono. Nikagongewa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu na kuambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi mara tano. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo tu, tena mlangoni: nilete namba ya kikosi ya marehemu ndipo jalada lifunguliwe. Ya tatu niliituma nje kwa baruapepe, na dakika hiyohiyo mashine ikanijibu ikinishukuru kwa kuwasiliana nao. Tangu siku hiyo ni mwaka na miezi, na kimya. Ofisi hizo sizitaji. Sina nia ya kumchongea karani wa mapokezi ambaye naye ametumwa tu. Ila nimechoka kukaa kwenye benchi, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Baba wa babu yangu alikuwa Mgogo, mtu wa ng'ombe na uwele. Dodoma ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwishoni mwa Julai 1916, jeshi lilihitaji vichwa vya kubebea, na yeye akachukuliwa kutoka kijijini pamoja na wenzake. Wakashushwa njia ya Iringa. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake mmoja, mwembamba kama fimbo, akamwambia mke wa marehemu mambo matatu ambayo babu yangu aliyashika mpaka anakufa: kwamba mumewe aliharisha damu siku nyingi, kwamba mvua haikukatika, na kwamba walimfukia kando ya njia bila blanketi, kwa sababu blanketi lilihitajika kwa aliye hai.

Jina lake mnalo. Nimeliandika kwenye barua zote tatu.

Sasa nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu majina

Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza, ile ambayo siku hizi inaitwa ya Jumuiya ya Madola, iliundwa mwaka 1917, vita bado vinaendelea. Kanuni yake ilikuwa nzuri kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama kwenye jiwe la kaburi ama kwenye ukuta, bila kujali cheo, rangi wala dini. Nenda Ubelgiji au Ufaransa uone. Kurutu wa miaka kumi na tisa kapewa jiwe sawasawa na la kanali.

Kwetu kanuni hiyo haikuvuka bahari. Na hili si neno langu, ni lenu. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa wakilitumikia dola la Uingereza, wengi wao Waafrika, Wahindi na watu wa Mashariki ya Kati, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni akaomba radhi. Tukasikia, tukashukuru.

Lakini radhi ni mlango wa kuingilia ndani, na sisi bado tumesimama barazani. Ukienda leo pale Posta, Dar es Salaam, utaikuta Sanamu ya Askari iliyosimikwa mwaka 1927. Askari mmoja, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Nairobi walau wamemweka mpagazi kati ya sanamu zao tatu. Sisi mpagazi wetu tumemwachia maneno chini ya miguu ya askari, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba anayekufa akiipigania nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Mimi ni mwanawe, nalikumbuka jina. Wanaotakiwa kuliandika ndio siwaoni.

2. Kuhusu chanzo cha vifo

Hapa ndipo penye barua yangu, mengine yote ni kiambatanisho.

Katika vitabu na vibao vingi kifo cha mpagazi huelezwa kwa neno moja: magonjwa. Husemwa kwamba risasi ziliua wachache, magonjwa yakaua wengi, basi, mada imefungwa. Ukilisoma neno hilo haraka utadhani ni kudra ya Mungu, kwamba nchi hii ilikuwa na mbu na mvua na ndivyo ilivyokuwa. Nakataa, waheshimiwa. Ugonjwa ulikuwepo, ila uliitwa, ukafunguliwa mlango, ukawekewa na kiti.

Tuanze na hesabu, nami ni mtu wa duka, hesabu ndiyo kazi yangu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili hamsini hivi, sawa na kilo 23. Posho yake kwenye karatasi ilikuwa ratili mbili za unga kwa siku, karibu kilo moja. Mtume mtu huyo safari ya siku kumi kwenda na siku kumi kurudi akiwa amebeba chakula. Atakula kilo 18 njiani. Askari aliyeko mbele atapokea kilo tano. Kilo tano! Ndiyo maana Waingereza pekee walikusanya wapagazi zaidi ya milioni moja katika vita hivi. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa, wakafa maelfu kwa maelfu kwa mbung'o. Mnyama alipokwisha, akaitwa mtu. Na kama hesabu haikutimia, kama mvua ilikata njia na mzigo haukufika, ya kwanza kupunguzwa ilikuwa posho ya huyohuyo aliyeubeba.

Kisha tuje kwenye unga wenyewe. Baba wa babu yangu alikula ugali wa uwele na mlenda maisha yake yote. Wengine walitoka kwenye migomba, wengine kwenye viazi vitamu na maharage. Wote wakapewa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa vibaya, una makapi na chenga. Unga wa namna ile unataka sufuria, maji safi, kuni kavu na muda. Mpagazi alifika kambini magharibi, ameloa, kuni zimeloa, kesho anaamshwa alfajiri. Yule mwenzake aliyerudi alisema walikuwa wanaukoroga unga na maji ya mtoni wanakunywa. Muulizeni muuguzi yeyote wa zahanati utumbo wa mtu unakuwaje akinywa mahindi mabichi na maji machafu wiki hadi wiki, huku amebeba kilo 23. Kuhara damu ndiko kulikowaua wengi kuliko kitu kingine, na madaktari wa jeshi wenyewe waliliona jambo hilo. Unga uliposagwa vizuri zaidi na kukawekwa wapishi wa kupikia watu wengi kwa pamoja, hali ilipata nafuu. Maana yake nini? Kwamba ilikuwa inawezekana. Mtu anayekufa kwa kitu ambacho mpishi mmoja angekizuia hajafa kwa kudra.

Nimonia ilifuata. Watu wa pwani na mabonde ya joto walipandishwa kwenye nyanda za baridi wakiwa na blanketi moja, au hata hilo hawana. Watu wa milimani, kinyume chake, walishushwa kwenye mabonde ya malaria ambayo damu zao hazikuyazoea. Kwinini ilikuwapo, swali ni nani aliyekuwa wa kwanza kuipata. Kwenye makambi makubwa ya kukusanyia watu kulizuka homa ya uti wa mgongo na ndui, kama inavyozuka popote unapowabana watu kama magunia. Na mwisho kabisa, vita vikiwa vinaisha, likaja lile gonjwa la mafua la 1918, likawakuta watu waliokwishachoka mwili na roho.

Mfano mmoja mdogo unatosha kwa asiyeamini. Mwishoni mwa 1916 walisafirishwa kutoka Shelisheli vijana wapatao mia nane, wavuvi na vibarua, kuja kubeba mizigo huku kwetu. Katika miezi michache walikuwa wamekufa zaidi ya mia tatu. Si vitani. Kuhara damu, malaria na beriberi, ugonjwa unaompata mtu anayelishwa mchele uliokobolewa hadi mweupe na kukosa vingine. Hawakupelekwa kwenye mstari wa risasi, walipelekwa kwenye mstari wa posho, na posho ndiyo iliyowaua.

Linganisheni na hili. Mwaka 1916 wanajeshi Wazungu kutoka Afrika Kusini waliugua kwa maelfu kwa malaria na kuhara, katika nchi ileile, mvua ileile, mbu walewale. Kikosi kimoja kilichoanza na watu 1,135 mwezi Februari kilibaki na watu 116 wenye afya ilipofika Oktoba. Walifanywaje? Walipandishwa meli wakarudishwa kwao, na walikuwa na haki ya kurudishwa. Nafasi zao zikazibwa na Waafrika kutoka pande nyingine za bara, na mzigo wa ziada ukawekwa juu ya vichwa vya wapagazi. Meli ya kumrudisha Mgogo ilikuwa wapi? Nyumbani kwake palikuwa siku chache tu kwa miguu, na hata hapo hakuruhusiwa kufika.

Na mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya kupita yote. Mvua zilianza mapema, Rufiji ikafurika, njia ya Dodoma kwenda Iringa ikageuka tope na maji. Leo unapanda basi asubuhi, unapita Mtera unaangalia bwawa, mchana uko Iringa unatafuta chai. Mimi kila nikipita njia hiyo huwa nakaa upande wa dirisha. Sijui natafuta nini.

Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi waliokufa ni karibu 95,000, na watafiti wengi wanaona ni pungufu. Wanajeshi wao wote waliokufa katika kampeni hii, weupe, Wahindi na Waafrika, ni kama 11,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Ujazeni, kisha jazeni zaidi ya nusu yake tena. Wote hao, kwenye lugha yenu, ni "magonjwa".

3. Kuhusu makaburi

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mjumbe wa Tume alizungumza na Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, kuhusu makaburi ya wapagazi, yale makubwa ya Dar es Salaam na kwingineko. Maoni ya Gavana, kama mjumbe yule alivyoyaandika na ripoti ya 2021 ikayatoa hadharani, ni kwamba makaburi hayo yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Akaongeza kwamba hakupenda hata kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa katika kazi ile ya kubeba.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi. La pori silishangai sana, kila mtawala huwa na pori lake la kufichia. Lile la kutotaka kutazama takwimu ndilo linalonikaa kifuani. Maana yake takwimu zilikuwepo. Mtu hafumbi macho mahali pasipo na kitu.

Na London hali haikuwa tofauti. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika kwamba kampeni ya Afrika Mashariki ilikaribia kuwa kashfa, ikaponea kwa sababu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani basi angewajali wapagazi.

4. Kuhusu malipo

Hili nitalipita upesi, maana sidai pesa na sitaki mtu aseme nimekuja na mkono. Wapagazi wengi walikufa wakiwa wanadai mishahara. Ndugu zao hawakupatikana, au hawakutafutwa. Serikali za makoloni ziliomba fedha zile zitumike kwa manufaa ya watu walikotoka marehemu, London ikakataa. Naomba tu iandikwe. Kibao kikisema mtu "alitumikia", kiseme pia kama alilipwa.

5. Kuhusu waliobebea upande wa pili

Wajerumani nao msikae pembeni mkitazama. Jeshi la kamanda wenu Lettow-Vorbeck, ambalo hadi leo husifiwa kwa kutoshindwa mpaka liliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, lilitembea juu ya vichwa vya watu wetu, wanaume kwa wanawake, na hao hawakuandikiwa hata zile hesabu pungufu. Baada ya kusalimu amri, askari na wapagazi wake waliwekwa kambini Tabora na mafua yakawamaliza wengi humo.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na vyeti, basi wakakabidhiwa ufagio badala ya bunduki na kupewa amri kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Ni hadithi tamu, watu hucheka wakiisimulia. Mimi hujiuliza mpagazi angepewa mtihani gani. Angebebeshwa gunia?

Tena vita hivi havikuishia kwa waliobeba. Majeshi yote mawili yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Mvua zilipokosekana ikaja njaa tunayoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Mtafiti aliyeichunguza kwa kina anakadiria kwamba katika Wagogo 150,000 hivi, 30,000 walikufa. Hao hawamo kwenye hesabu ya jeshi lolote, na siwaombi muwachonge kwenye ukuta wa jeshi. Ila mtu akiniuliza vita vile viliua Wagogo wangapi, nami nitamuuliza anaanzia kuhesabu wapi.

Waheshimiwa, najua mtakayoyajibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Mtasema hawakuwa askari. Lakini waliandikishwa na jeshi, wakawekwa chini ya sheria za jeshi, wakapewa namba na kibati cha kuvaa. Idara iliyowasimamia chini ya Oscar Watkins ilikuwa idara ya kijeshi kwa jina na kwa kazi. Mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, akapewa namba na kufa kwa amri ya jeshi, ana tofauti gani na askari zaidi ya bunduki?

Mtasema majina hayapo. Mengine hayapo, nakubali. Lakini aliyepewa namba aliandikwa mahali. Afrika Kusini walisema hivyohivyo miaka mingi, na Januari 2025 ukafunguliwa mnara Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa vikosi vya kazi waliokufa katika vita hivi na hawakuwa na kaburi linalojulikana. Waliotafuta wakapata. Na yale yasiyo kwenye karatasi mengine yako vichwani mwa wazee, na wazee hawawasubiri. Kila msimu wa baridi tunazika maktaba.

Mtasema ilikuwa vita ya Wazungu, ya nini kuitukuza. Hili nalisikia zaidi kwa ndugu zangu wa hapa nyumbani, na lina uzito. Sijaomba ushujaa. Baba wa babu yangu hakumpigania mfalme wa mtu. Alichukuliwa. Ndiyo sababu naomba chanzo cha kifo kiandikwe kama kilivyokuwa, kisipakwe rangi ya heshima za gwaride.

Na mtasema ni zamani mno. Wiki iliyopita nilimsimamisha kijana mmoja hapa sokoni, ana belo la mitumba begani, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndara. Nikamuuliza kama anajua jina Kariakoo limetoka wapi. Hakujua. Nikamweleza kwamba ni Waingereza walivyokiita kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps", sisi tukalitamka kwa ulimi wetu, na kwamba jengo la soko la Wajerumani lililokuwa hapa liligeuzwa kambi yao mji ulipotekwa Septemba 1916. Kule Nairobi nako ni Kariokor, kisa kilekile. Akaniuliza:

"Walikuwa wanabeba kilo ngapi, mzee?"

"Ishirini na tatu, ishirini na tano."

Akacheka. "Hiyo si mzigo, mzee wangu. Hili hapa ni arobaini na tano."

Halafu akasimama kidogo, akalihamisha belo bega la pili.

"Kwa siku ngapi?"

Nikamwambia mpaka afe. Hakucheka tena. Soko zima linaitwa kwa jina la watu hawa, liliungua Julai 2021, likajengwa upya kwa fedha nyingi, na sijaona ukutani hata ubao mmoja wa kusema ni akina nani.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na naomba nijibiwe kwa maandishi.

Kwanza, kila jina la mpagazi mlilonalo au mtakalolipata litolewe hadharani, kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa wilaya walikotoka, na nakala ziwekwe makao makuu ya wilaya na kwenye maktaba za mikoa ambako mtu wa kawaida anaingia bila barua ya utambulisho. Jina likipatikana moja, litoke hilo moja. Msingoje litimie laki.

Pili, popote mnapoandika "walikufa kwa magonjwa", andikeni ugonjwa gani na kwa nini: kuhara damu kwa unga mbichi na maji machafu, nimonia kwa kukosa blanketi, beriberi kwa posho mbovu, uchovu kwa mizigo. Kama ofisi zenu zinaona maneno hayo ni makali, zinionyeshe lililo la uongo.

Tatu, mtume watu wenye kinasa sauti Dodoma, Iringa, Songea, Kilimanjaro, Taita, Ukambani na kwingineko, na ushahidi wa familia ukubalike. Kuniambia nilete namba ya kikosi ni kuniambia niwaletee karatasi mnayopaswa kuitunza ninyi.

Nne, ubao Kariakoo. Hauhitaji mhandisi. Mimi na wafanyabiashara wenzangu tuko tayari kuchangia saruji na fundi. Tunachohitaji ni kibali na maneno sahihi.

Tano, kwa upande wa Ujerumani: mafaili ya wapagazi wenu, kama yapo, yafunguliwe, kama hayapo, semeni hayapo na kwa nini.

Natoa miezi mitatu tangu leo. Nisipojibiwa nitaandika ya tano, na hiyo nitaisoma kwa sauti tarehe 11 Novemba, mtakapokuwa mnaweka mashada yenu ya maua mekundu. Nitavaa vizuri, nitakuja mapema, nitasimama nyuma, na sitamfanyia mtu fujo.

Nakala za barua tatu za awali nimeziambatanisha. Jina la marehemu liko mstari wa pili wa kila moja.

Wenu,
kitukuu cha mpagazi,
mfanyabiashara, Kariakoo, Dar es Salaam